Mti, Dawa na Sumu: Kosa la Mkalimani Mmoja

Mimi ni mwalimu wa isimu wala si tabibu. Udaktari nilio nao ni wa maneno, na sindano sijawahi kuishika ila ile ya kushonea kifungo. Naomba basi niwiwe radhi kwa kuingia katika uwanja wa wenyewe. Lililonisukuma si ujuzi wa tiba bali ni kosa la tafsiri nililolitenda mbele ya daktari, ambalo mtu mwingine anaendelea kulilipia mpaka hivi leo.

Shangazi yangu aishiye Isinya, kati ya Kitengela na mji wa Kajiado, aligunduliwa kuwa na saratani ya titi mwaka 2022. Aliolewa katika jamii ya Wamaasai yapata miaka arubaini iliyopita, na Kimaa ndiyo lugha ya boma lake. Kiswahili anakisema barabara, Kiingereza hakijui. Kwa kuwa mimi naishi Ngong na nafundisha lugha, jamaa waliamua kwa kauli moja kwamba niwe mkalimani wake hospitalini. Hakuna aliyeniuliza kama nilisoma biolojia.

Daktari alikuwa kijana mpole aliyeandamwa na foleni ndefu. Alieleza kwa Kiingereza kwamba dawa itakayotiwa mshipani itazishambulia seli zinazogawanyika. Nami, kwa kiburi cha mtu aliyezoea kusahihisha insha za wengine, nilitafsiri neno kwa neno: "Dawa itaziua seli zinazogawanyika." Shangazi akaitikia kwa kichwa, nikadhani kazi imekwisha.

Wiki moja baadaye binti yake alinipigia simu akicheka na kuhuzunika kwa pamoja. Mama yake alikuwa akiuliza pale nyumbani ni kwa nini hospitali inataka kuwaua watu wa seli. Kwake yeye, kama kwa Wakenya wengi, seli ni kile chumba chenye vyuma katika kituo cha polisi. Na kugawanyika? Katika Kajiado neno hilo lina uchungu wake. Ranchi za vikundi zilipogawanywa vipande vipande, ndugu waligawanyika pamoja na ardhi yao. Basi kutokana na sentensi yangu iliyokamilika kisarufi, shangazi alipata picha ya wafungwa waliogombana.

Alimaliza awamu mbili za dawa. Siku ya awamu ya tatu hakutokea. Mchuuzi mmoja wa dawa za kienyeji alikuwa amemuuzia unga wa mizizi katika chupa ya plastiki, na shangazi alinipa sababu iliyonifanya nikae kimya kwa muda. Alisema, "Mwanangu, ile ya hospitali ni sumu ya kiwandani. Hii ni olchani."

Olchani, ndugu msomaji, ni neno la Kimaa lenye maana mbili ambazo Kiswahili huzitenga: ni mti, na ni dawa. Mtu aliyekulia katika lugha hiyo haoni ajabu kwamba dawa hutoka porini, kwa sababu neno lenyewe limekwisha kumwambia. Kiswahili nacho kina ujanja wake. Neno letu dawa huponya na huua: tuna dawa ya kifua na dawa ya panya, dawa ya macho na dawa ya mende, na hakuna anayechanganyikiwa. Kwa hakika, kati ya maneno hayo mawili, yaani mti na dawa yenye sumu, tulikuwa tayari na maelezo yote niliyoyahitaji siku ile hospitalini. Sikuyatumia. Maana kile kimiminika alichokikimbia shangazi kilikuwa paklitaseli, na paklitaseli asili yake ni ganda la mti.

Nilipomwendea Isinya nilipitia Kitengela, na hapo ndipo nilipopata somo langu. Kila aliyepita mji huo katika miaka ya karibuni ameyaona majengo ya ghorofa yakiota kama uyoga, kila moja limezungukwa na jukwaa la mafundi lililofungwa kwa miti ya mikaratusi. Jukwaa lile si nyumba. Hujengwa haraka, huwainua mafundi, kisha hufunguliwa, na miti ile ile hubebwa na kwenda kusimamishwa kwingine. Likikosekana, ukuta haupandi. Lisipofunguliwa, nyumba haihamiki.

Seli inayotaka kuwa mbili hufanya vivyo hivyo. Kwanza hunakili kromosomu zake 46, kisha hujenga jukwaa la nyuzi nyembamba mno ziitwazo mikrotubuli. Nyuzi hizi zimeundwa kwa vipande vya protini iitwayo tubulini, vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, na vinavyoweza kubanduka tena upesi. Nyuzi hushika kromosomu, huzipanga katikati ya seli, kisha huzivuta nusu huku na nusu kule. Siri yote ya kazi hii ni kwamba jukwaa linajengeka na kubomoleka kwa wakati wake.

Mimea kadhaa iligundua siri hiyo kabla ya binadamu, nayo hutengeneza sumu za kuiharibu. Sumu ya aina ya kwanza huiba miti ya jukwaa: hushika vipande vya tubulini visiweze kupangika, na kromosomu hubaki zimetapakaa bila mvutaji. Hivyo ndivyo zifanyavyo vinblastini na vinkristini. Sumu ya aina ya pili hutenda kinyume: hupigilia misumari kila kiungo hata jukwaa lisiweze kufunguliwa. Hiyo ni kazi ya paklitaseli, na aliyeigundua mwaka 1979 ni mwanasayansi wa New York, Susan Horwitz. Njia ni mbili lakini hatima ni moja. Seli hukwama katikati ya kugawanyika, isiweze kuendelea wala kurudi nyuma, na aghalabu hufa.

Nilimweleza shangazi hayo kwa mfano wa majengo ya Kitengela, naye alielewa kabla sijamaliza. Kisha akauliza swali ambalo wanafunzi wangu wa chuo kikuu hawajawahi kuniuliza: "Na majengo mengine ya mwilini yanayojengwa, je?"

Hapo ndipo penye utata wote wa dawa hizi. Sumu haijui jengo la mwizi na jengo la mwenye haki. Mizizi ya nywele inagawanya seli kila siku. Vivyo hivyo utando wa kinywa na utumbo, na uboho unaotengeneza damu. Ndiyo sababu nywele hupukutika, kinywa huota vidonda, na damu hupungukiwa na askari wake. Kuna na madhara mengine yasiyohusu kugawanyika hata kidogo. Neva inayotoka mgongoni mpaka ncha ya kidole cha mguu ni ndefu sana, na ndani yake mikrotubuli ni reli ambazo juu yake husafirishwa mahitaji ya neva yenyewe. Reli zikiharibika, vidole hushikwa na ganzi.

Habari ya ganzi daktari aliitaja siku ile ya kwanza. Naikumbuka vizuri. Mimi niliiruka. Niliona ni jambo dogo mbele ya saratani, na foleni ilikuwa ndefu.

Tuyaache hayo kwa sasa, nitayarudia. Nataka kwanza nieleze kwamba kati ya mti na dirisha la wodi kuna safari ndefu, na kazi kubwa katika safari hiyo si kupata sumu bali ni kuifikisha pahali pake. Ganda la mti wa paklitaseli, ambao hukua katika misitu ya kaskazini-magharibi mwa Marekani, lilichumwa kwa utafiti mwaka 1962. Monroe Wall na Mansukh Wani walitangaza umbo la kemikali yake mwaka 1971. Dawa ilikubaliwa kwa matumizi mwaka 1992, baada ya miaka thelathini. Kulikuwa na kikwazo cha mti wenyewe, kwani kuuambua ganda lote ni kuuua, mpaka wataalamu wa Ufaransa na Marekani walipojifunza kuanzia na majani ya mti wa jamii hiyo hiyo, ambayo huota tena. Kikwazo kingine kilikuwa kwamba dawa haiyeyuki katika maji, ilhali damu ni maji.

Unajua waliitatuaje? Kwa mbarika! Ule mmea uotao ovyo kando ya barabara zetu, ambao mbegu zake ndugu zetu wa Tanzania huziita nyonyo. Mafuta ya mbarika yaliyobadilishwa kiwandani, pamoja na pombe kidogo, ndiyo yanayobeba paklitaseli mpaka mshipani. Gari hili nalo lina kasoro yake, kwani miili mingi hulikataa kwa ghadhabu. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa za kutuliza mzio kabla ya chupa kufunguliwa, na dawa hutiririka polepole, mara nyingi kwa muda wa saa tatu. Mwaka 2005 Marekani iliruhusu aina nyingine ambayo hubebwa na albumini, protini ya damu yenyewe, bila mafuta hayo. Kwa wagonjwa wengi wa kwetu, lakini, gari bado ni mbarika.

Vinkristini inatoa funzo kali zaidi. Ikitiwa mshipani, huponya. Ikitiwa kwa makosa katika maji ya uti wa mgongo, karibu kila mara huua. Kwa sababu ya ajali za namna hiyo, Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo mwaka 2007 na kuhimiza kwamba dawa hiyo iwekwe katika mfuko mdogo wa maji, wala si katika bomba la sindano, ili mkono wenye haraka usipate nafasi ya kukosea. Dawa ni ile ile, mgonjwa ni yule yule. Mlango tu ndio uliobadilika.

Mmea wa vinkristini ninao uani kwangu Ngong, na bila shaka mwalimu unayesoma makala haya unao karibu na ofisi ya shule. Ni kile kichaka kifupi chenye maua ya rangi ya waridi au meupe, petali tano, kinachochanua hata mvua ikikosekana. Asili yake ni Madagaska. Majirani zangu huyaita maua tu. Katika kisiwa cha Jamaika watu walikunywa chai ya majani yake kwa ajili ya kisukari, na mwaka 1952 majani machache yalitumwa kwa Dakta Clark Noble wa Kanada, naye akamwachia kazi hiyo nduguye, Robert. Panya walionyweshwa dawa hiyo sukari yao haikushuka, ila waliodungwa sindano walikufa kwa maambukizi, kwa kuwa chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepungua. Mtu mwingine angeyatupa majani. Robert Noble na mwenzake Charles Beer walijiuliza: kitu kinachopunguza chembe nyeupe, je, hakitamfaa mwenye saratani ya damu? Mwaka 1958 walitangaza vinblastini. Vinkristini ilifuata, na ikakubaliwa Marekani mwaka 1963.

Haikukawia kufika Afrika Mashariki. Mwaka 1958 huo huo, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa ameandika juu ya uvimbe wa ajabu wa taya uliowapata watoto wa Uganda. Katika miaka ya 1960 vinkristini ilikuwa mojawapo ya dawa zilizojaribiwa kwa watoto hao, na wako waliopona kabisa, wakati ambapo ulimwengu ulikuwa bado unashangaa kama saratani yaweza kutibiwa kwa dawa tupu. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967, na Mganda wa kwanza kuiongoza, Charles Olweny, alishika hatamu mwaka 1972, katika miaka ambayo nchi ile haikuwa na utulivu. Nayataja haya kwa sababu wanafunzi wetu hudhani tiba hii ilitengenezwa kwa Wazungu, ikajaribiwa kwa Wazungu, na sisi tukaletewa makombo. Watoto wa Kampala walitangulia.

Neno moja la tahadhari kwa walimu kabla sijasonga mbele. Msimruhusu mwanafunzi atafune majani ya ua hilo kwa sababu amesoma makala haya. Gramu moja ya dawa hudai mamia ya kilo za majani makavu, na pengine zaidi. Aliye na kikombe cha chai ya majani hayo ana dawa haba mno, pamoja na sumu nyingine nyingi zisizopimwa. Hapa ndipo alipokosea yule mchuuzi wa shangazi. Kwamba miti ina nguvu alisema kweli. Nguvu iliyo ndani ya chupa yake hakuipima.

Sasa nifike Shimba Hills. Katika wilaya ya zamani ya Kwale, kwenye vilima vinavyotazama bahari, huota kichaka ambacho wataalamu walikiita Maytenus buchananii, ingawa siku hizi wengi hukiweka katika jenasi ya Gymnosporia. Mwaka 1972 Morris Kupchan na wenzake wa Marekani walitangaza sumu mpya, maitansini, waliyoitoa katika mmea wa jamii hiyo uliochumwa Ethiopia. Ilikuwa mwizi wa jukwaa kama vinblastini, lakini katika maabara ukali wake ulikuwa mkubwa mara mia kadhaa. Kiasi kilichomo mmeani kilikuwa kidogo mno, hesabu ya miligramu kwa kilo. Kichaka cha Kenya kilionekana kuwa na nafuu, na katika miaka ya 1970 zilikusanywa Shimba Hills zaidi ya tani 27 kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Hebu mpige hesabu darasani: tukikadiria miligramu moja kwa kila kilo, tani 27 zinatoa gramu 27. Ni kama vijiko viwili vya chumvi.

Imeandikwa kwamba waliporudi miaka minne baadaye kutaka zaidi, vichaka vilikuwa havijachipuka vya kutosha. Imeandikwa pia kwamba Wadigo wa sehemu zile walikuwa wameutumia mmea huo tangu zamani kutibu uvimbe wa namna ya saratani, na kwamba hawakutambuliwa kwa lolote. Marehemu Profesa Calestous Juma, mzaliwa wa Budalang'i, alichapisha mwaka 1989 kitabu kizima juu ya ugombeaji wa mbegu na jeni za nchi kama yetu, na kisa cha kichaka hiki ni cha aina hiyo hiyo aliyoilalamikia.

Baada ya jasho lote hilo, maitansini ilishindwa. Wagonjwa waliojaribiwa walipata madhara makali kuliko faida, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliwekwa kando. Ilikuwa sumu bora kupita kiasi. Ilikosa gari.

Gari lilipatikana baada ya muda mrefu, na hapa nawasihi wanafunzi wa sayansi mtege masikio. Baadhi ya saratani za titi, pengine moja katika kila tano au sita, hujaza juu ya ngozi ya seli zake vipokezi vingi mno viitwavyo HER2. Wanasayansi walikuwa wamekwisha kutengeneza kingamwili, trastuzumabu, inayovitambua vipokezi hivyo. Wakaifunga maitansini iliyobadilishwa kidogo kwenye kingamwili hiyo, wastani wa molekuli tatu na nusu kwa kila moja, kwa kamba inayostahimili safari ya damu. Kingamwili hubisha hodi katika mlango wenye HER2, seli humeza mgeni pamoja na mzigo wake, na humo ndani sumu hufunguka. Majirani wasio na mlango wa namna hiyo kwa kiasi kikubwa husalimika. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2012, nusu ya wanawake waliopewa dawa hiyo waliishi zaidi ya miezi 30.9, ikilinganishwa na miezi 25.1 kwa wale waliopewa tiba iliyokuwa ya kawaida. Marekani iliikubali mwezi wa Februari 2013.

Kwa hiyo sumu iliyotafutwa katika vilima vya Kwale ilikaa kabatini miaka thelathini ikingoja wa kuibeba.

Wala leo haihitaji tena kichaka cha Shimba Hills. Mwaka 1977 Wajapani waligundua bakteria wanaotengeneza sumu ya ukoo huo huo, na viwanda huwatumia hao katika mapipa. Kuna na utafiti wa baadaye, juu ya mimea mingine ya jamii hiyo, unaoonyesha kwamba hata ile tunayoiita sumu ya mmea huenda imetengenezwa na vijidudu viishivyo mizizini. Basi nani mwenye mali? Mdigo aliyeujua mti, mti wenyewe, au kijidudu? Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992 na Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inadai kwamba wenye mimea na maarifa waombwe ruhusa na wapewe sehemu ya faida, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Lakini tani zile 27 zilikwisha kuondoka kabla ya yote hayo. Mimi sioni mahakama itakayozirudisha.

Nionalo mimi ni jina. Dawa duniani hupewa majina ya kimataifa yaliyo na utaratibu, na kwa mwalimu wa lugha za Kibantu utaratibu huo unapendeza, kwani unafanana na ngeli. Anza na vin-, umo katika ukoo wa lile ua la uani. Malizia na -taxel kama inavyoandikwa kwenye chupa, umo katika ukoo wa mti wa Marekani. Malizia na -tansine, umo katika ukoo wa maitansini. Ile dawa iliyofungwa kwenye kingamwili huitwa trastuzumab emtansine. Kiambishi hicho kimetoka katika Maytenus, na Maytenus limetoka katika jina la mti wa Chile, maiten, neno la Wamapuche, wenyeji wa huko. Nusu ya pili ya jina la kichaka chetu imetoka kwa mtu aitwaye Buchanan. Neno la Wamapuche, japo limekatwa kichwa na mkia, bado linasomwa katika wodi za dunia nzima. Neno la Wadigo halimo.

Tusishangae sana, majina yanayosafiri hukatwa. Mji ninaokaa, Ngong, husemekana kuwa mabaki ya maneno ya Kimaa enkong'u e muny, yaani chemchemi ya kifaru. Kifaru ametoweka katika jina kama alivyotoweka vilimani.

Uvimbe wa shangazi ulipopimwa haukuwa na HER2, kwa hivyo dawa ya Shimba Hills haikumhusu. Walakini wako wanawake wa Kajiado inayowahusu, na kwao safari ya dawa haijaisha. Kwa makadirio ya wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, Wakenya zaidi ya 40,000 hupata saratani kila mwaka. Kutoka mji wa Kajiado mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita sabini, na mgonjwa hutakiwa kuzikata kila wiki au kila wiki tatu akiwa na tumbo linalopinduka. Bima ya zamani ya NHIF iliipisha SHA mwezi wa Oktoba 2024, na wagonjwa walilazimika kujifunza upya ni kipi kinalipwa na kipi hakilipwi. Dawa za kingamwili ni ghali kupita uwezo wa mfugaji aliyekwisha kuuza ng'ombe wake katika ukame. Tusiseme pia kwamba kazi za viwanda vya namna hii haziwezekani kwetu. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, pale Athi River, hatua chache kutoka Kitengela, kulikuwa na kiwanda kilichotoa artemisinini, dawa ya malaria, katika majani yaliyolimwa na wakulima wa Afrika Mashariki.

Lakini mimi naona hatua ya mwisho kabisa ya kufikisha dawa ni ulimi, na hiyo ni sehemu yetu sisi walimu wa lugha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kamusi ya tiba mwaka 2003. Maneno yapo. Tunawatungia watahini maswali ya ngeli na mnyambuliko, na ni nadra tumwombe mwanafunzi amweleze nyanya yake, kwa Kiswahili fasaha, jinsi seli inavyogawanyika. Mimi nina shahada tatu za lugha na sikuweza. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili, nilipompa zoezi hilo, alipendekeza "chembe za mwili zinazozaana". Shangazi angemwelewa mara moja.

Alirudi hospitalini baada ya majuma sita, unga ule ukiwa umemwagwa nyuma ya zizi. Alimaliza tiba mwaka 2023, na vipimo vyake mpaka sasa ni vya kutia moyo. Ila vidole vyake vina ganzi isiyoondoka. Kumbe ilianza katika awamu ya pili, naye alinyamaza kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ni jambo la kusema. Baadaye daktari alinieleza kwamba laiti wangejua mapema, wangepunguza kipimo au wangeitafutia dawa ile badala.

Shangazi ni fundi wa ushanga. Mikufu yake imevaliwa katika harusi nyingi za Isinya na Kitengela. Siku hizi sindano humponyoka asiisikie, na zile shanga ndogo hawezi kuzitunga. Jumamosi iliyopita alinipigia simu akiniagiza nimnunulie Nairobi shanga zenye tundu kubwa, nyekundu na nyeupe, na sindano nene. Nimezipata. Nitampelekea Jumapili.